Git-flow na Nidhamu ya Matawi

Programu ya kompyuta inayoandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja huhitaji chombo cha kutunza historia yake, ili ijulikane nani amebadilisha nini na lini, na ili kosa likigunduliwa iwezekane kurejea katika hali iliyokuwapo kabla yake. Kazi hiyo huitwa udhibiti wa matoleo, na chombo kilichoenea zaidi katika kuifanya ni Git, kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha mfumo wa Linux.

Katika Git, kila kazi inaweza kufanywa katika tawi lake, yaani mkondo wa mabadiliko unaojitegemea mpaka utakapounganishwa na mikondo mingine. Tawi si nakala ya mafaili yote. Ni jina linaloelekeza kwenye rekodi ya mwisho ya mabadiliko, ambayo kwa kawaida hutambulishwa kwa alama 40 za herufi na tarakimu. Kwa hiyo kufungua tawi jipya hakugharimu muda wala nafasi, na wepesi huo ndio huzaa vurugu, kwa kuwa matawi huongezeka hadi isijulikane lipi ni la kazi gani, limetoka wapi na litarudi wapi.

Mwezi Januari 2010, Vincent Driessen, msanidi programu wa Uholanzi, alichapisha utaratibu wa kuondoa vurugu hiyo. Matawi mawili ni ya kudumu: master, lenye msimbo uliokwisha kutolewa kwa watumiaji, na develop, panapokusanywa kazi za toleo lijalo. Mengine ni ya muda: feature kwa uwezo mpya, release kwa maandalizi ya toleo, na hotfix kwa marekebisho ya dharura. Driessen aliandika pia git-flow, zana ya mstari wa amri, yaani inayoendeshwa kwa kuandika maneno ya amri badala ya kubofya vitufe.

Msanidi aliyepewa kazi ya kuongeza huduma ya malipo huandika git flow feature start malipo, na zana hufungua tawi feature/malipo kutoka develop na kumhamishia humo. Kazi ikikamilika, amri git flow feature finish malipo huunganisha tawi hilo na develop, hulifuta, kisha humrudisha msanidi katika develop. Manufaa makubwa zaidi huonekana katika hotfix, ambayo huanzia master na, inapofungwa, mabadiliko yake huunganishwa na master, toleo hubandikwa lebo ya namba yake, na mabadiliko yaleyale hupelekwa develop. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika kwa urahisi inapofanywa kwa mkono, na ikisahaulika, kosa lililokwisha kurekebishwa huibuka tena katika toleo linalofuata. Hata hivyo, zana haichukui nafasi ya uamuzi wa binadamu: wasanidi wawili wakibadilisha mstari uleule kwa namna tofauti, uunganishaji husimama mpaka mtu achague badiliko lipi libaki.

Utaratibu huu una mipaka yake. Mwaka 2020 Driessen mwenyewe aliongeza maelezo kwamba timu zinazotoa programu za wavuti mfululizo, ambazo kwa kawaida huwa na toleo moja tu linalotumika, zingefaa kuchagua utaratibu mwepesi zaidi, ilhali git-flow inabaki kuifaa programu yenye namba rasmi za matoleo au inayolazimika kuhudumia matoleo kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo timu inapaswa kuchunguza kwanza namna inavyowafikishia watumiaji kazi yake, ikubaliane kanuni, ndipo ichague zana, kwa sababu git-flow hutekeleza kanuni zilizokwisha kukubaliwa, lakini haiwezi kuitungia timu kanuni isizokuwa nazo.