"Give Up": Maneno Mawili, Maana Nyingi

Mwanafunzi ajuaye kwamba "give" ni kutoa na "up" ni juu, akiyakuta maneno hayo yamefuatana hudhani maana yake ni kutoa juu. Sivyo. Yakishikamana huwa neno jipya, na shina la maana yake ni kukiachilia kitu ulichokuwa umekishika. Wala tusistaajabu, kwa kuwa nasi twasema kupiga pasi, na hapana aliyepigwa.

Maana ya kwanza ni kuacha desturi. Daktari akimwambia mgonjwa "give up tobacco", amwambia aache tumbaku. Asidhani ametakiwa kumgawia mtu.

Maana ya pili ni kukiacha kitu kishikwe na mwingine. Agosti 1916 jeshi la Wajerumani liliuacha mji wa Morogoro, na majeshi ya Mwingereza yakauingia. Twaweza kusema: "They gave up the town." Lakini vita hawakuviacha, walipigana hata Novemba 1918, Von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika Zambia.

Maana ya tatu ni kukata tamaa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, ili mvua isichukue udongo. Kazi ilikuwa nzito, watu wakaikataa, na mwaka 1955 ikatokea ghasia hata damu ikamwagika. Baadaye mpango ule ukaachwa. Basi juu ya Waluguru twasema, "They did not give up", yaani hawakukata tamaa. Na juu ya serikali, "It gave up the plan", yaani iliuacha mpango. Neno ni lile lile.

Tena angalieni mpango wa maneno. Husemwa "give up the plan" au "give the plan up". Lakini ukitumia "it", hapana budi likae katikati: "give it up".

Mwisho, mtu akiletewa karatasi iliyoandikwa "give up the land", asifurahi kwa kuliona neno la kutoa akadhani apewa shamba. Maana yake ni kuliachia shamba, asiwe na haki nalo tena. Na aulize kwanza: ni nani aachaye, naye aacha nini? Akiisha kufahamu, ndipo atie sahihi au aikatae.