Mashine Inapogonga: Namna ya Kurudisha Tareti Kwenye Mstari

Mvua ya Dodoma ni haba. Kwa wastani hunyesha milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo sababu mji huu umetegemea sana maji yaliyo chini ya ardhi, hasa yale ya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Maji hayo hayapandi yenyewe, bali huvutwa kwa pampu. Shafti ya pampu ikiunganishwa kwa kiungo ambacho tundu lake limekwenda upande, beringi huchakaa upesi na pampu husimama. Kwa hiyo usahihi wa mashine ya kukereza vyuma iliyoko karakanani unamhusu hata yule anayesubiri zamu yake bombani.

Mashine ya kukereza hushika kipande cha chuma na kukizungusha, na kisu hukisogelea na kukichonga. Katika mashine nyingi za siku hizi mwendo wa visu huongozwa na kompyuta kwa namba. Mashine ya kwanza ya kuchonga chuma kwa namba ilionyeshwa mwaka 1952 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Visu hufungwa kuzunguka kichwa kimoja kiitwacho tareti, ambacho hugeuka na kuleta kila kisu kwa zamu yake.

Kompyuta hutii, lakini haioni. Alama ya kutoa ikisahauliwa mbele ya namba moja tu, tareti yaweza kwenda kwa kasi na kugonga chaki, yaani kile kishikio kinachozunguka. Wahenga walisema kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Hapa chaki ni ukuta, na tareti ndiyo mkono. Mara nyingi tareti haivunjiki, bali huteleza kidogo juu ya kitako chake, pengine kwa sehemu ya kumi ya milimita. Jicho halioni mteremko huo.

Je, haitoshi kusahihisha namba kompyutani? La. Kosa la umbali laweza kufidiwa kwa namba, lakini kosa la pembe haliwezi, kwa kuwa tareti iliyopinda hupinda pamoja na kila kifaa ilichokibeba.

Fundi mwangalifu huanza kwa kuzima umeme na kufunga swichi. Kisha hupima mhimili unaozungusha chaki, kwa maana mhimili huo ndio utakaokuwa kipimo cha mambo yote mengine. Kama nao umepinda, kazi yote itakayofuata ni bure. Akiisha kuridhika, huondoa pini zilizoshikilia tareti mahali pake, hulegeza boliti kidogo, na kufunga saa ya kupimia kwenye chaki.

Kwanza ncha ya saa huguswa kwenye uso wa tareti, na tareti husogezwa polepole kukatisha mhimili. Tuseme sindano imebadilika kwa milimita 0.02 katika mwendo wa milimita 100. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, kifaa kilichojitokeza milimita 200 kitakosea milimita 0.04 kwenye ncha yake. Fundi huigonga tareti taratibu kwa nyundo laini mpaka sindano itulie.

Pili, ncha huingizwa ndani ya tundu la kushikia vifaa, na chaki huzungushwa kwa mkono. Hapa wengi hukosea hesabu. Sindano ikionyesha tofauti ya milimita 0.08 kati ya juu na chini, tundu halikuhama milimita 0.08, bali nusu yake, yaani 0.04, kwa kuwa saa imepima upande wa juu na wa chini kwa pamoja. Asiyegawanya kwa mbili atasogeza tareti kupita kiasi, na kosa litahamia upande wa pili.

Zaidi ya hayo kuna joto. Katika miezi ya kiangazi asubuhi ya Dodoma ni baridi, na mchana halijoto hupanda kwa zaidi ya digrii 10. Chuma cha pua hurefuka kama mikroni 12 kwa kila mita kwa kila digrii moja. Basi fimbo ya milimita 300 itarefuka mikroni 36 kwa digrii 10, yaani karibu mara mbili ya kosa la 0.02 tulilokuwa tukilitafuta! Ndiyo maana tangu mwaka 1931 mataifa yalikubaliana kwamba vipimo vya urefu vihesabiwe kwa digrii 20. Hapana budi mashine ipashwe moto kwanza kwa kuzungushwa bila kazi, na vipimo vyote vichukuliwe katika hali moja ya joto.

Mwisho boliti hukazwa kwa awamu, kwa kupokezana pande zinazokabiliana, na kila awamu hupimwa upya, kwa sababu kukaza nako huweza kuhamisha. Matundu ya pini husafishwa upya na kutiwa pini mpya. Kisha kipande cha majaribio hukerezwa na kupimwa. Kikiwa sahihi, ndipo kiungo cha pampu hufungwa kwenye chaki.

Pembetatu zinazofanana, kipenyo na nusu kipenyo, na kutanuka kwa vyuma: yote hayo hufundishwa shuleni. Katika karakana ya Dodoma ndiyo yanayoamua kama maji yatapanda au la.