Bei ya Jua, Bei ya Moshi: Kuchagua Nishati Malindi na Kilifi

Chini ya kitanda cha shangazi yangu, Mambrui, kuna betri iliyokufa. Ni betri ya maji, ile ya gari, ampea 100, na vichwa vyake viwili vimeota unga wa kijani kama shaba iliyosahauliwa kisimani. Aliinunua pamoja na paneli ya wati 100 na taa nne. Dukani aliambiwa kwamba hiyo ni nishati safi ya kijani, na kwamba hatalipa tena senti ya stima maishani mwake. Betri ilidumu miezi kumi na minne. Nilipomtembelea nilimkuta amerudia chemni ya mafuta ya taa, akaniuliza: "Mwanangu, hicho kijani walichokisema kiko wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na nimeona kwamba tatizo linaanzia kwenye maneno. Safi na kijani hutembea pamoja madukani kama kanzu na kofia, lakini ni mambo mawili. Usafi ni habari ya pale kitu kinapotumiwa: kuna moshi, kuna masizi, macho ya mpishi yanawasha? Ukijani ni habari ya safari nzima: kitu kilitoka wapi, kilikata nini njiani, na kikifa kinazikwa wapi.

Chukua kifuu cha nazi. Mnazi hauangushwi ili kupata kifuu, nao utazaa tena. Kwa hiyo ni cha kijani. Lakini ukikiwasha jikoni kwa mafiga matatu, chumba chote kinajaa moshi na mtoto mgongoni anakohoa. Si kisafi hata kidogo. Gesi ya mtungi ni kinyume chake. Moto wake wa buluu hauachi sizi kwenye sufuria, lakini asili yake ni mafuta ya chini ya ardhi, yaliyoletwa kwa meli hadi Mombasa. Makaa yanayoteremka kwa magunia kutoka Magarini, Ganze na Bamba hayana sifa ya kwanza wala ya pili, isipokuwa mti umepandwa kwa kazi hiyo. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018 na kuilegeza marufuku hiyo mwaka 2023, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuamka asubuhi nikakosa makaa ya kununua.

Hata jua peke yake halikifanyi kitu kiwe cha kijani. Teknolojia kubwa ya jua iliyotangulia pwani hii si paneli, ni mabwawa ya chumvi ya Gongoni, Ngomeni na Marereni: maji ya bahari yanaingizwa, jua linayakausha, chumvi inakombwa. Hakuna mafuta yanayochomwa kuyakausha. Hata hivyo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara Magarini katika miaka ya 2005 na 2006, na wakazi walifika mbele yake na malalamiko ya ardhi, mikoko iliyokatwa na visima vilivyogeuka vya chumvi. Na Uyombo, karibu na Watamu, serikali ilipotaka kuweka kinu cha nyuklia, wakazi waliandamana mwaka 2024. Kinu cha nyuklia hakitoi moshi wa kaboni, hilo ni kweli. Lakini mvuvi wa Uyombo anauliza juu ya maji, samaki na mabaki yatakayokaa karne nyingi, na swali lake ni la haki kabisa.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko pesa ya nyumba inakoungua kila siku. Nitatumia bei za mfano. Wewe weka za mtaani kwako.

Tuseme mtungi wa kilo 13 unajazwa kwa shilingi 3,200. Kilo moja ya gesi ni karibu shilingi 246. Kilo hiyo ina nguvu ya yuniti 12 hivi za stima, lakini jiko la kawaida linapeleka kama nusu tu kwenye chakula, nyingine inapasha hewa. Kwa hiyo yuniti moja ya joto linaloingia sufuriani inakaribia shilingi 40. Makaa ya kununua kidogo kidogo, kwa mkebe, yanadanganya zaidi. Kilo ya makaa ina yuniti 8, lakini jiko la bati tupu linapoteza karibu zote, na hata jiko la udongo ndani, ambalo limeenea nchini tangu miaka ya 1980, linaokoa robo au zaidi kidogo. Ukilipa shilingi 80 kwa kilo, umeshafikia bei ya gesi, na bado hujahesabu muda wa kupepea wala kifua chako. Aliye maskini hununua makaa kwa sababu ana shilingi 80 leo na hana 3,200, na hilo si kosa lake. Ndiyo maana gesi ya kulipia kwa simu kidogo kidogo ina maana kubwa kwake, hata kama kilo inamgharimu zaidi.

Stima je? Watu wengi wa Malindi wakisikia kupika kwa umeme wanaona mita ikikimbia. Kwa jiko la koili wana haki ya kuogopa, kwani halina nafuu ya maana kuliko gesi. Lakini sufuria ya presha ya umeme ni kitu kingine. Nilijaribu kwa mbaazi, maana mbaazi ndizo zinazomaliza moto wa nyumba zetu. Nusu kilo ya mbaazi kavu, zimelowekwa usiku, maji yamepita juu kwa vidole viwili, kifuniko kimefungwa. Sufuria ilichemka, ikajizima, ikawa inajiwasha mara moja moja tu kulinda joto. Nilisoma mita kabla na baada: haikufika nusu yuniti. Nyumba yenye matumizi ya kawaida, ukijumlisha kodi na tozo, hulipa kati ya shilingi 25 na 30 kwa yuniti. Basi mbaazi za mahamri ya asubuhi ziliiva kwa chini ya shilingi 15. Tui nilitia mwishoni, kifuniko kikiwa wazi, kwa sababu tui likipigwa presha linakatika. Jikoni kwa shangazi mbaazi hizohizo hukaa kwenye makaa saa mbili na zaidi.

Sufuria hizo zinaanzia kama shilingi 6,000 au 7,000. Ikikuokolea shilingi 40 kwa siku, imejilipa ndani ya miezi sita. Kama una presha ya kawaida na gesi, nafuu yako ni ndogo zaidi, kwa hiyo usiharakishe. Na kuna mtego mmoja wa bei ambao wauzaji hawautaji: tangu Aprili 2023, kundi la bei nafuu ni la wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, si 100 kama zamani. Nyumba ya taa na redio iliyomo kwenye kundi hilo ikianza kupika kwa stima itapanda daraja, na zile yuniti za taa nazo zitalipiwa bei ya juu. Jumlisha hilo kabla ya kununua.

Turudi kwenye betri ya Mambrui, maana hapo ndipo niliposhangaa mwenyewe. Betri ya gari haikuundwa kwa kazi ya usiku kucha. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha ipumzike. Ukiifanya iwashe taa na televisheni mpaka alfajiri, unaiua. Hata betri ya asidi iliyoundwa kwa sola haitaki kutumiwa zaidi ya nusu. Ya ampea 100 ina yuniti 1.2, nusu yake ni 0.6. Tuseme umeitunza vizuri ikakupa usiku 600: hizo ni yuniti 360. Ukiinunua kwa shilingi 14,000, kila yuniti imekugharimu shilingi 39 za betri peke yake, paneli hujaihesabu. Sasa weka betri ya lithiamu ya ukubwa uleule kwa shilingi 36,000. Inakuruhusu kutumia yuniti nzima kila usiku, na ya ubora mzuri hufikia usiku 3,000. Yuniti moja imekuwa shilingi 12. Ile ya bei rahisi dukani ndiyo ghali, zaidi ya mara tatu.

Linganisha tena na stima ya waya. Nguzo ya stima ipo hatua chache kutoka mlangoni kwa shangazi, naye alidhani kuikataa ndiyo kuwa wa kijani. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaozalishwa Kenya unatoka kwenye mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, nguvu ya maji kama ya mabwawa ya mto Tana, upepo kama wa Turkana, na jua. Hapa kwetu Langobaya, tangu Desemba 2021, kuna shamba la paneli la megawati 40 linaloingiza umeme kwenye gridi bila betri ya mtu yeyote chini ya kitanda. Ndani ya kaunti hiihii, Rabai, kuna mtambo wa megawati 90 unaochoma mafuta mazito, kwa hiyo gridi haina usafi wa malaika. Lakini kwa nyumba iliyo karibu na nguzo, stima ya waya pamoja na taa ndogo ya sola ya akiba kwa siku stima inapopotea ni rahisi zaidi, na ni ya kijani zaidi, kuliko betri ya asidi inayokufa kila mwaka.

Kwa aliye Chakama, Adu au ndani ya Ganze, mbali na nguzo, sola haina mshindani, na sola ya kukopa imefungua milango mingi. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza mwaka 2012, iliwahi kutoza shilingi 50 kwa siku. Hamsini husikika kama bei ya chai, lakini mara siku 365 ni shilingi 18,250, ukiongeza malipo ya mwanzo. Fanya hesabu hiyo kwa mkopo wowote unaopewa, kisha uulize bei ya taslimu ya kitu hichohicho.

Na pwani ina kodi yake, ambayo haimo kwenye risiti: chumvi ya hewani. Kaskazi inapovuma, ukipitisha kidole kwenye kioo cha dirisha kilichoelekea bahari unaonja chumvi. Fremu ya alumini iliyofungwa kwa misumari ya chuma hulika pale zinapogusana. Dai skrubu za chuma kisichoshika kutu, na tafuta nyuma ya paneli namba IEC 61701, ambayo ni kipimo cha kuhimili chumvi. Ioshe kwa maji matamu. Juu ya bati acha nafasi ya hewa kupita, kwani paneli ikipata joto kali hupoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake. Juu ya makuti usiweke kabisa. Simamisha mlingoti pembeni, maana makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na cheche moja ya waya mbovu inatosha kuteketeza nyumba. Muulize fundi leseni yake ya mamlaka ya nishati, EPRA. Madaraja yake ni T1, T2 na T3.

Pampu ya sola kisimani nitaitaja kwa ufupi: ndiyo matumizi mazuri kuliko yote, kwa sababu haihitaji betri. Jua likiwaka inavuta, likizama inalala, na akiba yako ni tangi.

Lakini lile la betri haliishii kwenye bei. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa usiofika mwendo wa saa tatu kutoka Malindi, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kupata madini ya risasi, kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Risasi iliingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, alisimama akapigana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi ya aina ileile imo ndani ya betri ya shangazi yangu, kilo nyingi zake.

Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshampitia mara mbili na mkokoteni. Anataka kuipima kilo, lakini kwanza amwage asidi pale chini ya mwembe, hatua sita kutoka kisimani, ili mzigo uwe mwepesi. Shangazi amemkatalia. Tumepata duka mjini linalopokea betri kuukuu ikiwa nzima, pamoja na asidi yake, na kukata thamani yake kwenye bei ya mpya. Betri tumeifunga kamba, imesimama wima ndani ya beseni la plastiki, na Jumatatu itapanda matatu pamoja nasi.