Kubuni na Kuunda: Akili Unde katika Filamu, kwa Mfano wa Nchi ya Taita

1. Utangulizi

Neno "ubunifu" limetumika katika uhakiki wa Kiswahili kwa muda mrefu bila kuulizwa maswali mengi. Ilichukuliwa kuwa abuniye ni mtu, na kwamba chombo alichokishika, kiwe kalamu, ngoma au kamera, hakina shauri lake. Dhana hiyo imetikisika. Tangu zama za watu wa kale wa sinema mitambo ya picha ilingoja amri ya mkono. Lakini kuanzia 2022 umma ulipata mitambo inayotoa picha baada ya kupewa sentensi tu. Mwezi Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilionyesha mtambo wake uitwao Sora, ambao ulitoa filamu fupi kwa njia hiyo hiyo.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, namna msamiati wa Kiswahili unavyosaidia kuipambanua kazi ya mitambo hiyo. Pili, namna mitambo yenyewe inavyofanya kazi. Tatu, jambo linaloweza kuzipata habari za watu wachache, kama wakazi wa Makwasinyi chini ya Mlima Kasigau, kusini mwa Voi, endapo habari hizo zitafanywa filamu kwa mashine.

2. Umba, buni, unda

Kiswahili kina vitenzi vitatu vilivyo karibu karibu. "Kuumba" ni kukipa kitu umbo na uhai, na aghalabu kitenzi hiki huachiwa Mungu. "Kubuni" ni kuzua fikirani jambo ambalo halikuwapo. Ndiyo maana husemwa hadithi ya kubuni, na pia mtu husutwa kwamba habari aliyoileta ameibuni. "Kuunda" ni kazi ya fundi. Matumizi yake yaliyokolea ni ya pwani, ambako jahazi huundwa: mbao zilizokwisha kuwapo hupimwa, hukatwa na kuunganishwa hata zikawa chombo.

Kwa sasa yapo majina kadhaa yanayoshindana, miongoni mwao "akili bandia", "akili mnemba" na "akili unde". Bandia kwa asili ni mwanasesere wa matambara, na maana yake imeenea hata kwenye noti na hati za kughushi. Kwa hiyo anayesema "akili bandia" amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. "Unde" limejengwa kwa kiishio -e cha kutendwa, kama "teule" kutokana na teua, "mtume" kutokana na tuma, na "kiumbe" kutokana na umba. Maana yake ni iliyoundwa. Faida ya jina hili ni kwamba halisifu wala halitukani, bali huleta swali la lazima: imeundwa na nani, na kwa mbao za wapi?

3. Mtambo hufanyaje kazi?

Akili unde haikuingia katika filamu jana. Katika filamu za *The Lord of the Rings*, zilizotolewa kati ya 2001 na 2003, majeshi ya maelfu ya askari yalichorwa kwa programu iitwayo Massive, iliyotungwa na Stephen Regelous. Kila askari wa kompyuta alipewa kanuni zake za kuona, kukwepa na kupiga, kisha vita vikaachwa vijiendeshe. Hata hivyo kanuni hizo ziliandikwa na watu, nao waliweza kueleza kwa nini askari fulani alikwenda kushoto.

Mitambo ya siku hizi ni ya namna nyingine. Hulishwa mamilioni ya picha pamoja na maelezo yake. Picha hizo huvurugwa kidogo kidogo kwa chembechembe hadi zikawa ukungu mtupu, na mtambo hufundishwa kurudi nyuma, yaani kuuondoa ukungu hatua kwa hatua mpaka picha ionekane tena. Ukishahitimu, hupewa ukungu usio na picha yoyote ndani yake, pamoja na sentensi, nao huuondoa ukungu kwa kufuata mwelekeo wa maneno. Kinachotokea ni kile ambacho, kwa kadiri ya picha zilizolishwa, kina uwezekano mkubwa wa kuambatana na maneno hayo.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Mtambo haukumbuki tukio, hukisia wastani. Palipo na picha nyingi, makisio huwa mazuri ajabu. Palipo na picha chache, pengo huzibwa kwa mambo ya kwingine, na kiraka hakionekani.

4. Simba wa Tsavo na ustadi wa kila zama

Nchi ya Taita na Tsavo ina kisa kinachodhihirisha hayo. Mwaka 1898, reli ya Uganda ilipokuwa ikivuka Mto Tsavo, simba wawili waliwala wajenzi kwa muda wa miezi kadhaa. J. H. Patterson, msimamizi wa daraja, aliwaua mwezi Desemba mwaka huo, kisha akaandika kitabu kilichotoka 1907. Katika kitabu hicho alitaja vibarua wa Kihindi 28 waliouawa, na kuongeza kwamba Waafrika waliouawa pia walikuwa wengi lakini hawakuwekewa hesabu rasmi. Baadaye yeye mwenyewe alitaja jumla ya 135. Uchunguzi wa kikemia wa mifupa na manyoya ya simba hao, ambao wamehifadhiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago, ulikadiria mwaka 2009 kuwa walioliwa walikuwa kama 35.

Sinema imekirudia kisa hiki, na mara kwa mara kwa ustadi mpya wa zama zake. *Bwana Devil* ya Arch Oboler, ya mwaka 1952, ndiyo iliyoanzisha wimbi la filamu za rangi zinazotazamwa kwa miwani ili picha ionekane kutoka nje ya pazia. Sehemu yake kubwa ilipigwa California. *The Ghost and the Darkness*, ya 1996, ilipigwa Afrika Kusini na kutumia simba hai pamoja na simba wa mitambo kutoka karakana ya Stan Winston, nayo ikapata tuzo ya Oscar kwa uhariri wa sauti. Simba wa Tsavo hawakuwa na manyoya marefu ya shingoni. Wale wa filamu walikuwa nayo, kwa kuwa ndivyo mtazamaji anavyomjua simba.

Kosa hilo halikufanywa na mashine. Lilifanywa na watu waliojua ukweli wakachagua mazoea. Tofauti ni kwamba wao waweza kuulizwa, na waweza kujibu. Mtambo uliolishwa picha za simba wenye manyoya hautachagua. Utatoa manyoya kwa sababu ndiyo wastani. Na wale Waafrika wasiohesabiwa mwaka 1898 hawatakuwamo katika wastani wowote.

5. Mfano wa Kasigau

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1915, serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wakasigau kwa nguvu hadi Malindi, ikiwashuku kuwa wamewasaidia Wajerumani waliokuwa wakivuka mpaka. Wengi walifia huko, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurejea mlimani kwao. Nyaraka za tukio hilo ziliandikwa na waliohamisha. Upande wa waliohamishwa umehifadhiwa zaidi kwa mdomo, kutoka kwa wazee hadi kwa wajukuu, katika vijiji kama Makwasinyi.

Tuseme kijana wa Makwasinyi ataka kuifanya habari hiyo filamu. Hana fedha za kuwavisha waigizaji mia wala kujenga upya kijiji cha mwaka 1915. Kwake akili unde ni neema ya kweli, na si haki kumkataza chombo ambacho matajiri wanakitumia. Lakini atakapoandika "kijiji cha Kasigau", mtambo utamletea nyumba, mavazi na nyuso za popote pale. Picha itapendeza. Mtoto wa darasa la tano ataiamini, na babu atakaposema nyumba hazikuwa hivyo, picha ndiyo itakayoshinda.

Upande wa lugha hali ni hiyo hiyo. Katika filamu *The Brutalist* ya 2024, akili unde ilitumiwa kurekebisha matamshi ya Kihungari ya waigizaji wakuu. Hilo liliwezekana kwa kuwa Kihungari kina sauti nyingi zilizorekodiwa, na kwa kuwa mhariri wa filamu alikuwa mwenyewe mzawa wa lugha hiyo, akaweza kusikia kilichoharibika. Usemi wa Kasigau, ambao huhesabiwa kuwa lahaja ya Kidawida, hauna hazina kama hiyo. Mashine ikikosa sauti inayoandikwa *gh* itaweka *g* ya kawaida, na asiyeijua lahaja hatatambua.

6. Hitimisho

Waandishi wa filamu wa Marekani waligoma mwaka 2023, kuanzia Mei hadi Septemba, na mkataba uliomaliza mgomo huo ulikubali kwamba akili unde haiwezi kuhesabiwa kuwa mwandishi. Mkataba huo ulilinda riziki. Haukulinda kumbukumbu, wala haikuwa kazi yake.

Kwa kurejea vitenzi vilivyotajwa, yaonekana mtambo huunda, na huunda kwa ustadi mkubwa. Kubuni kungali kwa yule anayejua ni kipi kilichokosekana katika mbao alizoletewa. Kwa Kasigau, mjuzi huyo ni mzee wa Makwasinyi, na umri haumngojei. Idara za lugha zina vifaa vya kurekodi na watu waliofunzwa kunukuu matamshi. Kazi hiyo ikifanywa kabla ya filamu, mashine itakuwa na cha kujifunzia, na mtazamaji atakuwa na cha kuisahihishia. Ikifanywa baadaye, wazee watakaohojiwa huenda wakasimulia yale waliyoyaona katika filamu.