Utafiti wa Meno Uanzie kwa Mgonjwa

Tangu mafunzo ya udaktari wa meno yalipoanza Muhimbili mwaka 1979, wataalamu wetu wamefanya kazi ya kusifika. Imethibitika kwamba meno ya kahawia ya ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro hutokana na floraidi nyingi iliyomo majini, na magadi ya kupikia maharage huzidisha.

Lakini taabu ya mvuvi wa Msasani si floraidi. Jino lake huoza, naye hulivumilia kwa karafuu hadi shavu livimbe. Hapo ndipo huenda kung'olewa. Mwenzake wa Tumbatu au Chole hana budi kungoja chombo kwanza. Kwa nini wanachelewa? Ni nauli, ni hofu ya koleo, au ni kujua kwamba zahanati haina cha kuzibia? Ni rahisi zaidi kuhesabu meno mabovu ya wanafunzi, maana wao wameketi darasani. Aliye baharini hahesabiki.

Zito zaidi ni la watoto wachanga ambao, wakipata homa na kuharisha, hupelekwa kwa mganga kukatwa ufizi ili yatolewe yaitwayo "meno ya plastiki". Kumbe hayo ni machipukizi ya meno halisi. Damu humwagika, na maradhi yaliyoleta homa hubaki palepale. Sisi tungelitanguliza hili.

Tunaziomba Wizara za Afya, ya Bara na ya Visiwani, zisigawe fedha za utafiti kabla ya kuwasikiliza wahusika. Kikao cha kwanza kiitishwe kwenye diko la Msasani, alfajiri ngalawa zinaporudi. Wenye kumbi za hoteli za jirani watatuwia radhi.