Mshipa: Umbo, Kazi na Istilahi katika Elimu ya Viumbe

1.0 Utangulizi

Neno mshipa huwapa shida waundaji wa istilahi. Kwa neno hili Mswahili hutaja njia za damu. Hutaja pia nyuzi zinazopeleka taarifa baina ya ubongo na viungo, na katika mazungumzo ya kila siku hutaja hata kano na msuli. Isitoshe, ni jina la maradhi: asemaye kuwa fulani ana mshipa huenda anakusudia ngiri au busha. Tena tunasema kuwa mtu hana mshipa wa aibu, na hapo hatutaji kiungo chochote.

Katika mhadhara huu ninakusudia kuonesha kwamba wingi huu wa maana una utaratibu wake. Mtaalamu akiupuuza utaratibu huo, istilahi zake zitampotosha mwanafunzi, na pengine zitamdhuru mgonjwa.

2.0 Mshipa ni jina la umbo

Tuanze na sarufi. Mshipa umo katika ngeli ya M-/MI-, pamoja na mti, mzizi, mto, mkia, mkono na mshipi. Si kila nomino ya ngeli hii hutaja kitu kirefu, lakini vitu virefu vinavyotambaa au kutanda ni vingi humo. Neno lenyewe ni la Kibantu. Kizulu kina umsipha, ambalo hutaja kano na msuli. Kwa hiyo maana ya mshipa inayounganisha matumizi yote ya kimwili ni hii: kitu chembamba na kirefu, mfano wa uzi au kamba, kinachopita mwilini. Kama ndani yake mna damu, au hamna kitu, hilo ni suala jingine ambalo neno peke yake halilijibu.

Elimu ya viumbe, kwa upande wake, hugawa vitu kwa kazi na muundo wa ndani. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni. Vena ni mshipa unaoirudisha damu moyoni. Neva ni fungu la nyuzi za seli za fahamu. Hapa chanzo cha mgogoro ni dhahiri: lugha ya kawaida imeuliza "kina sura gani?", na sayansi inauliza "kinafanya nini?"

3.0 Mnyama, jani na bawa

Mgogoro huo hukua tunapovuka kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Tukitazama jani la mpapai tunaona mistari iliyotanda, nasi huiita mishipa. Ndani ya mistari hiyo hamna damu. Mna zailemu, inayopitisha maji na madini kutoka mizizini, na floemu, inayosafirisha chakula kilichotengenezwa na jani. Aidha, mishipa hiyo hulipa jani uimara.

Bawa la kerengende nalo lina mishipa. Hiyo ni mirija migumu inayolishikilia bawa lisikunjike. Ndani yake hupita majimaji ya mwili wa mdudu, na mara nyingi kijirija cha hewa na neva. Mdudu hana vena kama za binadamu, kwa sababu damu yake haizunguki ndani ya mirija iliyofungwa, bali huogesha viungo moja kwa moja. Hivyo basi, mishipa ya binadamu, ya jani na ya bawa haina asili moja wala kazi moja. Kinachoiunganisha ni sura tu.

4.0 Je, ni udhaifu wa Kiswahili?

Wapo wanaodhani kwamba hali hii inaonesha ufukara wa lugha yetu. Historia inawakanusha. Neno la Kigiriki neuron, lenye asili moja na neva, kwanza lilikuwa na maana ya kano. Arteria lilitumika pia kwa koo la hewa, na baadhi ya matabibu wa kale, waliozikuta ateri za maiti zikiwa tupu, waliamini kwamba hupitisha hewa. Katika karne ya 2 Galen alionesha kwamba zina damu. Na mwaka 1628 William Harvey alichapisha maelezo yake ya mzunguko wa damu, ambayo ndiyo msingi wa fasili ya leo.

Lugha zilizo hai zinatoa ushahidi uleule. Mistari ya jani ambayo Kiingereza huipa jina la vena, Kifaransa huiita nervure, yaani jina lenye asili moja na neva. Kiarabu hutumia 'irq kwa mshipa wa damu na pia kwa mzizi. Kila lugha imeanza na umbo. Sayansi imekuja baadaye ikazibana maana.

5.0 Darasani na hospitalini

Matokeo ya kuchanganya ngazi hizi mbili ni makubwa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba ateri hubeba "damu safi" na vena "damu chafu". Kisha hukutana na ateri ya mapafu, ambayo hubeba damu yenye oksijeni kidogo, akaduwaa. Fasili sahihi hufuata mwelekeo wa damu kuhusiana na moyo. Usafi wake si kigezo.

Hospitalini hatari ni kubwa zaidi. Mgonjwa asemaye "nina mshipa" huenda ana busha, yaani maji yaliyojikusanya kuzunguka korodani, ambalo katika mwambao wetu aghalabu huletwa na vimelea vya matende vinavyoenezwa na mbu. Lakini huenda ana ngiri, na utumbo ukinaswa humo damu yake hukatika, naye huhitaji upasuaji wa haraka. Tabibu hana budi kuuliza: wapi, tangu lini, na je, uvimbe unarudi ndani?

6.0 Hitimisho

Sipendekezi tulifukuze neno mshipa katika vitabu vya sayansi. Napendekeza tulipe nafasi yake, yaani neno jumuishi lenye hiponimu chini yake: mshipa wa damu, mshipa wa limfu, mshipa wa fahamu, mshipa wa jani, mshipa wa bawa. Pale ambapo kazi ndiyo hoja, tutumie ateri, vena, kapilari na neva, na tuzifasili kwa Kiswahili kila zinapotajwa kwa mara ya kwanza. Maneno haya ya mkopo yana faida ya kutobeba picha ya umbo. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mwanafunzi hawezi kuyaelewa kwa kuyasikia tu. Mshipa humwonesha pa kutazama, na istilahi humwambia anachokiona. Mwalimu anayaheshimu yote mawili.