Kutoka Mwandoya Hadi Unguja: Mwananchi Si Mgeni

Kila mwaka, pamba inapokwisha kupimwa katika maghala ya vyama vya msingi vya wilaya ya Meatu na mkulima akalipwa jasho lake, huanza msimu wa safari. Wengi huenda Mwanza na Shinyanga kuwaona jamaa, wengine huelekea minadani kutafuta ng'ombe. Wapo pia, wazee kwa vijana, wanaotamani walau mara moja maishani kuvuka bahari na kuiona Zanzibar. Tamaa hiyo ni njema, nasi tunaiunga mkono. La kusikitisha ni kwamba anayetaka kuitimiza hana mahali pa kuuliza. Maelezo ya safari ya Visiwani yapo tele, lakini yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeshuka kwenye ndege akitokea Ulaya: habari za viza, za fedha za kigeni, za hoteli za ufukweni. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni kutoka nje zaidi ya 700,000, na ni haki wageni hao waelezwe mambo yanayowahusu. Mkulima wa Mwandoya naye aelezwe na nani?

Tunaanza na jambo linalowatia wengi hofu, yaani hati. Mwananchi wa Tanzania hahitaji pasipoti wala viza kwenda Unguja au Pemba. Tunalisema wazi kwa sababu wazee wetu wanakumbuka enzi ambapo, kwa miaka mingi hata baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, mtu wa Bara alitakiwa kuonyesha hati ya kusafiria ndipo aruhusiwe kuingia Zanzibar. Utaratibu huo uliondolewa, lakini kumbukumbu yake haijaondoka, na walaghai wa bandarini wanajua kuitumia. Msafiri achukue Kitambulisho cha Taifa. Kama hajakipata, achukue kitambulisho kingine chenye picha, na si vibaya kuongeza barua ya Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Bima ya lazima ya dola 44, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, inawahusu wageni wa nje tu. Mwananchi akidaiwa malipo hayo, au akidaiwa nauli kwa dola, aonyeshe kitambulisho na aulize kwa adabu ni kwa amri gani. Fedha ya Visiwani ni shilingi ile ile inayotumika Mwandoya. Hakuna cha kubadilisha, na anayejitolea kumbadilishia msafiri fedha hana nia njema.

Njia yenyewe ni ndefu, lakini siku hizi si ngumu kama zamani. Kutoka Mwandoya mtu hupita Ngoboko hadi Mwanhuzi, akavuka daraja la Sibiti kuingia Mkalama, akatokea Iguguno kwenye barabara kuu ya Singida. Akifika Dodoma anaweza kupanda treni ya umeme, iliyoanza kusafirisha abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Faida ya treni kwa mtu wetu si mwendo peke yake. Stesheni ya Dar es Salaam haiko mbali na bandari, ilhali basi la mkoani humshusha abiria Mbezi Luis, nje kabisa ya jiji, mara nyingi usiku, akiwa na mizigo na hajui pa kushika. Anayeshukia Mbezi usiku alale huko huko na kuelekea bandarini asubuhi.

Bandarini ndipo penye mtihani. Mtu mwenye begi la safari na viatu vya vumbi hutambulikana kutoka mbali, na kabla hajaliona dirisha la tiketi watamzunguka watu watano, kila mmoja akijiita wakala. Tiketi inunuliwe dirishani kwa kampuni yenye chombo, si mkononi mwa mtu. Muhimu zaidi ya bei ni kwamba jina la msafiri liandikwe katika tiketi kama lilivyo katika kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Asikubali kusafiri kwa tiketi yenye jina la mtu mwingine, hata akipunguziwa nusu ya nauli.

Kuna sababu ya kukazia hapo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na watu wengine wengi hawakuonekana tena. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Wenzetu wa visiwa vya Ziwa hawahitaji kufundishwa habari hizi, kwani waliwazika ndugu zao wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere pale Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Chombo kinapopakia watu wasioandikwa, huzama mara mbili: mara ya kwanza majini, mara ya pili katika daftari, pale ambapo jamaa wanakwenda kuuliza na hakuna anayeweza kuwajibu. Kwa hiyo abiria akiona chombo kimejaa hata watu wanakaa juu ya mizigo, ashuke. Nauli ya kesho itapatikana.

Vyombo viendavyo kasi huchukua yapata saa mbili. Kwa asiyezoea bahari, saa mbili zinaweza kuwa siku nzima. Mkulima wetu ana fedha mwezi wa Julai na Agosti, na hicho ndicho kipindi cha upepo wa kusi, bahari ikichafuka, na pia ndicho kipindi ambacho wageni wa nje humiminika na vyumba hupanda bei. Anayeweza kuitunza fedha hadi kaskazi ianze kutulia, kuelekea Januari na Februari, atasafiri kwa raha zaidi, ingawa tunajua shamba nalo linamwita wakati huo. Basi aliyeamua kwenda na kusi ale chakula kidogo, akae sehemu ya chini katikati ya chombo, na atafune tangawizi. Boti za Pemba ni chache kuliko za Unguja na hutia nanga Mkoani, kwa hiyo aulize siku zake kabla ya kupanga safari.

Akishafika, atakuta mambo mawili ya utawala yanayofanana na ya kwetu kwa sura tofauti. La kwanza ni Sheha. Mgeni anayelala nyumbani kwa jamaa, si hotelini, afikishwe kwa Sheha wa shehia ile na mwenyeji wake, kama vile sisi tunavyompeleka mgeni kwa Mwenyekiti wa kitongoji. Huo si uonevu wa mtu wa Bara. Ni utaratibu, na humlinda mgeni mwenyewe. La pili ni karafuu. Mtu wa Meatu anajua pamba haiuzwi vichochoroni, inapita chama cha msingi. Visiwani karafuu kavu hununuliwa na Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, na kuzisafirisha kwa njia ya panya ni kosa kubwa. Pakiti ya viungo vya pilau kutoka soko la Darajani haina neno. Gunia ulilouziwa Pemba usiku kwa bei ya chini litakupeleka mahakamani.

Afya nayo isipuuzwe. Zanzibar imefanya kazi kubwa ya kupunguza malaria hadi yakawa machache mno, na mengi ya yanayobaki huletwa na wasafiri wanaotoka Bara. Mtu wa Kanda ya Ziwa akishikwa na homa akiwa huko asinunue vidonge dukani akalala. Aende kituo cha afya mara moja, apimwe, na aseme bila haya kwamba ametoka Simiyu. Mifuko ya plastiki aiache nyumbani, kwani Visiwani ilipigwa marufuku mapema kuliko Bara. Mbegu, matunda na nyama hukaguliwa. Anayetaka kuwapelekea wenyeji wake michembe aulize kwanza.

Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kuvuta sigara barabarani ni kuwavunjia wenyeji heshima na kujitafutia matatizo. Mavazi yawe ya stara. Salamu ndiyo mlango wa kila nyumba: asubuhi yetu ya "mwangaluka" itajibiwa huko kwa "aleikum salaam", na shikamoo kwa mkubwa haijapata kumkera mtu popote. Msukuma asishangae akisikia skuli badala ya shule.

Ya kutazama ni mengi: Mji Mkongwe, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, kanisa la Mkunazini lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107, kima punju wa Jozani. Katika sehemu zenye kiingilio aonyeshe kitambulisho alipe bei ya mwananchi. Tungependa hasa mkulima wetu afike pwani ya mashariki, Paje, Jambiani au Makunduchi, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hata bahari ikaonekana kama mbuga. Atawaona akina mama wameinama kwenye safu za vijiti na kamba. Hilo ni shamba. Wanalima mwani, kilimo kilichoenea huko tangu mwisho wa miaka ya 1980, nao huvuna baada ya wiki sita hivi. Mgeni asikanyage kamba, kama asivyopenda mtu apitishe ng'ombe katika pamba yake. Aombe aelezwe, na aulize bei ya kilo. Mazungumzo hayo hayatakosa mafuta, maana pande zote mbili zinajua maana ya kulima zao linalopangiwa bei na mtu wa mbali. Avae viatu kwa sababu ya miiba ya baharini, na akumbuke kwamba maji yaliyokwenda hurudi, tena kwa kasi. Asiyejua kuogelea asiwafuate wavuvi hadi mwambani.

Hapa tunayo maneno kwa ndugu zetu wa Visiwani. Mtu huyu si mtalii wala si mtafuta kazi anayejificha. Mababu zake, Wasukuma na Wanyamwezi, walikuwa wakishuka pwani na misafara ya karne ya 19, na pembe walizobeba mabegani zilijenga utajiri uliomo katika kuta za Mji Mkongwe. Anaporudi kwa miguu yake mwenyewe, na nauli yake mwenyewe, asiangaliwe kama mwizi kwa sababu ya lafudhi yake.

Na kwa viongozi wahusika tuna ombi dogo, lisilohitaji bajeti. Libandikwe tangazo moja kwa Kiswahili katika ofisi ya wilaya Mwanhuzi, katika stesheni ya Dodoma, na katika bandari za Dar es Salaam na Malindi. Liseme ni kitambulisho gani kinakubaliwa, nauli ya mwananchi ni kiasi gani, bidhaa zipi zinatozwa ushuru na kwa kiwango gani, na namba ya simu ya kupeleka malalamiko. Jambo la ushuru ndilo linalowachosha wengi wakati wa kurudi. Mwenye redio au televisheni aliyoinunua Darajani hujikuta Dar es Salaam anatajiwa kiasi ambacho hakuna ubao wowote unaokionyesha. Hadi tangazo hilo litakapobandikwa, kila anayerudi atunze risiti za dukani mfuko wa ndani, pamoja na nauli ya kutoka Dodoma hadi Mwandoya.